Wateja Aliotuachia

3 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu za huku nyumbani. Hatujambo, ila goti la Mama linamkorofisha asubuhi. Likishapata moto anatembea vizuri tu, na ukimwambia apumzike anakujibu kwamba alipumzika vya kutosha alipokuwa mtoto mchanga. Wewe hujambo? Kikohozi kimekuachia? Vaa nguo nzito, acha kujifanya kigori.

Barua pepe yako nimeipata. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu yangu mchana kutwa imeshikwa na wateja, na ikifika jioni sikio linawaka. Unasema ofisi tuifunge mwisho wa Agosti, wateja tuwaage kwa heshima, na programu ya kaka yako ipumzike kama alivyopumzika yeye. Unasema mimi ni mwalimu wa chekechea, wewe una ajira yako huko ya kutengeneza programu za wakubwa, na programu ya majedwali isiyo na fundi wa kila siku itakufa yenyewe, tena vibaya. Nimekuelewa. Nusu ya ofisi ni yako na ujuzi wote ni wako, sibishani.

Lakini wifi, hii ofisi uliiona siku ya msiba tu, imejaa viti vya kuazima na watu wanaonong'ona. Siku za kazi haiko hivyo. Ngoja nikuchoree. Ukipanda ngazi juu ya duka la vioo, mlango wa kwanza una bango letu, "Mraba: Majedwali kwa Kila Kazi", na herufi ya mwisho imeanza kubanduka. Ndani kuna kabati la chuma linalofunguka kwa teke, na simu ya mezani yenye waya uliojisokota mpaka unaongea umeinama. Ukuta mzima nimebandika majedwali ya wateja. Mtu akipiga simu kulalamika, kwanza namwomba anitumie jedwali lake, nalichapisha, nalibandika, ndipo namuuliza: haya, hili unalitumia kufanyia nini? Unicheke tu. Bila kujua mtu anatafuta nini sijui kumsaidia, awe mtoto wa miaka minne au mhasibu.

Na wananieleza! Mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha ana safu ya jina, safu ya chumba, na safu ya tabia. Ameandika "mkimya", "mkimya", "mkorofi", "mkimya kwa sababu hayupo". Anataka programu imhesabie wakorofi. Nimemfundisha leo, tumeshangilia wote wawili kwenye simu.

Nipe mpaka Agosti basi, lakini nipe kwa moyo. Sitaki kufunga mlango ambao watu bado wanaugonga.

Wifi yako,
Mwalimu


11 Machi

Mke wa kaka, salamu sana,

Mimi mzima, kikohozi kimehama, nadhani kimepata mwingine wa kumsumbua. Mwambie Mama nimesema apake ile dawa ya goti, asiipake kwenye bawaba za mlango kama ile ya mwanzo.

Umenichekesha na huyo mama wa wakorofi, na sikutaka kucheka, nilikuwa kwenye kikao. Haya, mpaka Agosti, tena kwa moyo. Lakini usijipe matumaini ya bure. Wifi, mimi hii kazi naijua. Programu ni mtoto asiyekua, kila siku anataka kulishwa. Kaka alikuwa anailisha yeye peke yake, na unajua ilivyomla.

Mpango wangu ni huu. Tunawahamisha wateja taratibu waende kwenye programu nyingine, kubwa, ambazo hazitakufa. Ili wahame salama, majedwali yao lazima yawe safi. Na hapo kuna aibu moja ya kaka ambayo imenikera miaka. Kwenye Mraba, ukifuta mstari, nambari ya mstari ule inapotea na mingine haisogei. Una mstari wa nne, wa tano, halafu wa saba. Kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Programu zote duniani zinaziba pengo, yake peke yake haizibi. Nilimwambia hata kabla hajakuoa. Alicheka akasema, "Kishoka, iache." Uvivu huo. Nitairekebisha mwenyewe, halafu tuanze kuhamisha watu.

Wewe endelea kuwabembeleza. Kazi hiyo unaiweza kuliko sisi sote.

Wako,
Kishoka


2 Aprili

Wifi Kishoka,

Salamu. Hapa wazima wote, na dawa Mama ameipaka pale palipotakiwa, ingawa na bawaba nazo hazikunyimwa. Habari za kazi na za nyumbani kwako?

Niulize kitu, usinicheke. Hayo mapengo ya nambari yana ubaya gani hasa? Nimetazama ukuta wangu. Karibu kila jedwali lina mapengo, na hakuna hata mteja mmoja aliyewahi kunilalamikia. Wananilalamikia mengine. Katibu wa waamuzi wa mpira analalamika kwamba herufi ni ndogo. Mwalimu wa kwaya analalamika kwamba nikimwambia "bofya" namfokea. Kuna mzee mmoja fundi saa, kila Jumatatu anapiga kuniambia kwamba kompyuta yake "imenuna". Haina kitu, wifi. Namwambia aguse kitufe chochote, inaamka, ananishukuru, ananiuliza nimeamkaje, basi. Zamani nilidhani anapoteza muda wangu. Sasa asipopiga mimi ndiye ninayempigia.

Nimegundua pia kwamba nikiwa na haraka nakosea, na nikiwauliza habari za nyumbani kwanza wanatulia na tatizo wananieleza vizuri. Darasani ilikuwa hivyo hivyo. Mtoto anayelia huwezi kumfundisha kuhesabu.

Sasa na wewe nikufundishe kidogo: kabla hujarekebisha hilo, niache niwaulize wateja. Nikimaliza nitakuandikia.

Wifi yako,
Mwalimu


20 Aprili

Mwalimu wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Barua yako ilinikuta karibu nimalize, na mimi nikishamaliza kitu siwezi kukiangalia kimekaa tu. Toleo jipya limeshakwenda kwa wateja wote tangu juzi. Kila kompyuta ikiwashwa inajisasisha yenyewe. Mapengo kwisha! Moja, mbili, tatu, nne, mpaka chini, hakuna jino lililong'oka. Ni kazi ndogo lakini nimeifanya vizuri, hata kaka angekubali, ingawa angejifanya hajaona.

Nakuomba msamaha kwa kutokusubiri, lakini hakuna anayelilia pengo. Na nikwambie ukweli, hadithi zako za wateja nawasomea wenzangu hapa wakati wa chai. Wananiuliza, "Fundi saa amepiga?" Huku kwetu wateja ni mamilioni na simjui hata mmoja.

Kishoka


29 Aprili

Wifi,

Salamu. Mama mzima. Mimi si mzima.

Rudisha nambari kama zilivyokuwa. Leo hii, tafadhali. Dobi wa mtaa wa pili, mteja wetu wa siku nyingi, nguo zake zimechanganyika zote. Yeye nambari ya mstari ndiyo anayoiandika kwenye kitambaa anachoshona ndani ya nguo. Koti likiingia kwenye mstari wa thelathini, koti linaitwa thelathini. Mwenyewe akilichukua, dobi anafuta mstari. Sasa umeziba mapengo, na kila nguo ndani ya kompyuta ina nambari ya jirani yake. Hakimu amepewa suti nyeupe ya bwana harusi. Bwana harusi amepewa joho. Mama wa bibi harusi yuko hapa ofisini kwangu, amekaa, hataki maji, na harusi ni Jumamosi.

Mwenye shamba la michungwa naye amepiga. Miti yake ameipaka nambari kwa rangi nyeupe kwenye shina, nambari zile zile za mistari. Amenyunyizia dawa miti mizima, na miti migonjwa ameiruka.

Nitakuandikia vizuri nikipata nafasi ya kupumua.

Mwalimu


30 Aprili

Wifi yangu,

Sina salamu, nina aibu. Nimerudisha. Toleo la zamani limekwenda kwa wote tangu alfajiri, na kuanzia sasa ukifuta mstari pengo linabaki kama kaka alivyotaka.

Lakini nisikudanganye. Waliofungua majedwali yao siku hizi na kuyahifadhi, nambari zao za zamani zimekwenda na siwezi kuzirudisha kutoka huku. Kompyuta haikumbuki. Kinachokumbuka ni nguo zenyewe na miti yenyewe. Nimekutengenezea kidirisha kidogo: kila mstari una kisanduku kitupu pembeni, unaandika nambari ya kweli, ukimaliza unabofya mara moja, kila kitu kinarudi mahali pake. Kutengeneza dirisha ndiko nilikoweza. Kwenda kusoma nambari kwenye mashina siwezi, niko mbali.

Sasa nielewe vizuri. Kama wateja wataondoka wote kwa sababu yangu, hatutahitaji kusubiri Agosti, na sitakulaumu ukinilaumu. Nieleze kila kitu, hata nisichotaka kukisikia.

Kishoka


24 Mei

Wifi mpendwa,

Salamu nyingi, na samahani kwa kukuacha roho juu. Sote wazima. Mimi nimekonda kidogo, Mama anasema nimependeza.

Nikuanzie kwa bwana harusi, najua ndiye anayekunyima usingizi. Ameoa, amevaa suti yake mwenyewe. Nilifunga ofisi, nikaenda kwa dobi na kompyuta yangu mikononi. Chumba chake cha nyuma kina mvuke, na nguo zimening'inia mpaka unapita umejikunja. Yeye anashusha nguo, anageuza ukosi, anasoma kitambaa. Mimi natafuta mstari, naandika kwenye kisanduku chako. "Gauni la kijani, lina doa la wino mkono wa kulia." Nipo nalo. "Suruali ya yule jamaa anayependa kubishana." Jedwali halijui anayebisha, ikabidi tuitafute kwa rangi. Ya hakimu tuliijua kwa harufu ya tumbaku. Hakimu mwenyewe alikuja kuchukua joho, nikasimama kumwomba radhi nimeshika hanga. Akaniambia suti nyeupe aliijaribu kabla ya kuirudisha na mkewe ameipenda.

Tukiwa pale dobi akanieleza kitu. Siku moja kaka yako alipeleka shati lake kufuliwa, akamkuta anashona nambari. Akamuuliza zinatoka wapi. Alipojua zinatoka kwenye Mraba alikaa kwenye benchi mpaka shati likakauka, anatazama tu watu wanavyoleta na kuchukua. Kisha akamwambia dobi, "Nguo ikiondoka wewe futa bila wasiwasi, nambari za wenzake hazitasogea. Nakuahidi." Nilipofika kwa mwenye michungwa nikakuta naye aliahidiwa hivyo hivyo, miaka ya nyuma, wamesimama shambani. Mti ukifa hapandi mwingine kwa nambari ile. Hata kichwani mwake zile nambari anaziita kwa majina, "yule thelathini na tano amezaa mwaka huu." Kwa hiyo kaka yako hakuwa mvivu, wifi. Alikuwa ameahidi watu, na hakuona haja ya kututangazia.

Shambani tulitembea mimi na mwenye shamba, yeye mbele anasafisha shina kwa kiganja asome rangi, mimi nyuma na kompyuta juu ya kreti la machungwa. Viatu vyangu vya ofisini nimevizika, havifai tena. Miti iliyonyunyiziwa bure haijadhurika, ila kati ya ile migonjwa aliyoiruka mmoja umekufa. Nilimwambia ni kosa letu. Akasema, "Haya, ufute." Nikaufuta. Nambari ikabaki wazi.

Na wengine wote niliwapigia kabla hawajanipigia. Nilichukua ukuta wangu, jedwali kwa jedwali, nikawauliza: nambari za mistari unazitumia popote nje ya kompyuta? Wengi hapana. Muuza miwani, ndiyo. Katibu wa waamuzi, ndiyo, ziko kwenye migongo ya fulana! Tumezirudisha zote. Walioondoka ni wawili, na mmoja aliniambia alikuwa anaondoka hata hivyo, alikuwa anaona haya tu kuniaga. Fundi saa amenuna mwenyewe safari hii, kwa sababu nilipompigia ilikuwa Jumanne.

Kile kidirisha chako kimefanya kazi bila kukwama hata mahali pamoja. Dobi ameomba tukiache. Nakuambia hili kwa sababu najua umekaa huko unajitafuna.

Wifi yako,
Mwalimu


28 Juni

Wifi,

Hujambo? Sisi wazima. Mama anauliza kama umehama, kwa sababu barua haziji. Nimemwambia umebanwa na kazi, akanitazama kama anavyonitazama nikiweka chumvi nyingi.

Kimya chako nimekipokea kama jibu. Agosti imekaribia, na mimi nilikubali kwa mdomo wangu, kwa hiyo nimeandika barua ya kuwaaga wateja. Nimejaribu kuandika moja ya wote nikashindwa, kila mmoja nimemwandikia yake. Ya mama mwenye nyumba imetoka fupi. Ya fundi saa imenishinda. Nyingine zote ziko tayari kwenye kompyuta, hazijaondoka. Nataka wewe uzisome kwanza, maana ofisi ni yetu wawili.

Lakini kabla hujazisoma nikwambie lililo moyoni, ili usije ukasema sikukwambia. Mimi sitaki kufunga. Kaka yako alipoondoka nilikuwa naamka asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda, sioni sababu ya kuvaa viatu. Siku ya kwanza nilikuja ofisini ili nizime simu tu. Ikalia kabla sijaizima. Mtu akaniuliza kwa nini jumla yake haijumlishi, na sikujua, nikamwambia subiri nitafute. Tangu siku ile nina kitu cha kutafuta. Sitajifanya nafanya kwa ajili ya wateja peke yao.

Programu siwezi kuitengeneza, hiyo ni kweli na itabaki kweli. Ukisema haiwezekani bila fundi nitakubali, nitabonyeza barua ziende, na hatutakosana.

Wifi yako,
Mwalimu


9 Julai

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi, nyingi kuliko za siku zote kwa sababu nina deni la mwezi na nusu. Mimi mzima. Mwambie Mama sijahama, na chumvi unaweka nyingi kweli.

Barua zako za kuaga nimezisoma zote. Ya mwenye michungwa niliisoma nikiwa jikoni, maji yakachemka mpaka yakakauka. Wifi, wewe unawajua hawa watu! Unajua nani hasomi maandishi madogo, nani akipigiwa asubuhi anakasirika, nani jedwali lake ni la dukani na nani anaandika humo uzito wa mama yake mgonjwa ili aone kama anapata nafuu. Huyo wa mwisho hata hukuwahi kunitajia. Nimemjua kwenye barua ya kumuaga.

Nikueleze kimya changu. Baada ya ile barua yako ya shambani nilishuka kwenye ghorofa ambayo malalamiko ya wateja wetu huku yanaingia. Nilikuwa sijawahi kufika, na nimefanya kazi jengo hili miaka. Nilitaka kuona wanavyofanya, nije nikufundishe. Niliwauliza wanitajie mteja mmoja. Yeyote. Wakanionyesha mchoro wa rangi unaopanda na kushuka. Ni watu wazuri, wanachapa kazi, lakini hakuna aliyenitajia mtu. Nilirudi juu nikakaa mbele ya kazi yangu, nikakukumbuka umesimama na hanga mkononi unamwomba radhi hakimu kwa kosa langu. Nimefanya kazi na mabingwa wengi, wenye vyeti mpaka ukutani hakuna nafasi. Hakuna ninayemheshimu kama ninavyokuheshimu wewe, na nakuandikia hivi hivi wazi kwa sababu uso kwa uso nitaanza utani.

Na kuna lingine. Nilikuambia tufunge kwa sababu programu itakufa bila fundi. Haikuwa hiyo. Mimi ni fundi, ningeweza tangu mwanzo. Nikiifungua kazi ya kaka namkuta mle ndani, wifi. Jinsi anavyopanga mambo, vitu anavyoviita kwa majina ya kijinga, mahali alipozunguka mbali ili mtu fulani asipate shida. Najua sauti yake mle. Kila nikifungua nalia kama mtoto, na nilidhani tukifunga nitaacha kulia. Niliharakisha kuziba yale mapengo ili nimalize nitoke. Ona nilichokifanya.

Basi tusifunge. Nimeomba kazini wanipunguzie siku, wamekubali, nusu ya wiki ni ya Mraba. Toka huku huku niliko nitaitengeneza. Ila nina sharti, na hili si la kujadili: mkubwa ni wewe. Sitabadilisha hata nukta moja mpaka uwe umewauliza wateja, na ukisema hapana ni hapana, hata kama nina hakika. Hasa kama nina hakika. Barua za kuaga zifute.

Kama bado unanitaka baada ya yote haya, nipe kazi ya kwanza.

Wifi yako anayekupenda,
Kishoka


10 Julai

Kwa Fundi,

Salamu utazikuta mwisho, kazi kwanza.

Mwalimu wa kwaya ana sauti nne. Akizipanga kwa herufi, wa sauti nzito wanachanganyika na wa sauti nyembamba, na mazoezi ni Alhamisi. Nimemuuliza, nimewauliza na wengine wenye majedwali ya namna hiyo: wote wanataka kupanga kila kundi peke yake, makundi yasiguswe. Anza na hilo. Ukimaliza nitumie mimi kwanza, nitalijaribu na mwalimu mwenyewe kabla halijaenda kwa mtu mwingine. Pili, herufi za katibu wa waamuzi. Amevumilia vya kutosha.

Barua nimezifuta, isipokuwa ya fundi saa, ambayo haikuwahi kuandikika.

Sasa salamu. Hatujambo, goti limetulia. Nimelia nimemaliza, nikampelekea Mama habari. Alichukua kitambaa akaenda kwenye meza ya kaka yako, ambayo hakuna aliyeigusa tangu aondoke, akaifuta vumbi yote mpaka kwenye miguu. Nikamwambia, Mama, Kishoka atafanyia kazi huko huko aliko, haji. Akasema anajua, yeye si mtoto. Akasogeza kiti, akaniuliza unapenda dirisha liwe kushoto au kulia.

Nijibu, anasubiri.

Mkubwa wako wa kazi, na wifi yako,
Mwalimu